Murugi Wamae na Kichaka Alichokirudisha

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kutoka karibu na mbali, kabla ya kusoma maisha ya mama yetu familia inaomba radhi kwa jambo moja, nalo ni kwamba mmeketi katika shamba la viazi la jirani yetu Peterson, si katika boma la marehemu, na tumewaona akina mama wa kikundi wakitafuta pa kuweka miguu kati ya matuta na viatu vyao vya kanisani. Boma la marehemu ni hilo hapo ng'ambo ya ua, nafasi ipo, lakini nafasi hiyo ina wenyewe, na wenyewe hao mtawajua kabla karatasi hii haijaisha. Karatasi ni ndefu, kwa hiyo aliyesimama na atafute kiti.

Anayesoma ni Anita, mke wa Munene, mkaza mwana wa marehemu, na familia ilimchagua si kwa sababu anajua kusoma kuliko wengine, bali kwa sababu sehemu ya mwisho ya historia hii inamhusu, nao wakasema aisome kwa mdomo wake mwenyewe.

Marehemu Murugi Wamae alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, huko Ihururu, Tetu, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto wanane wa marehemu Wamae Theuri na marehemu Nyaguthii, miezi saba tu kabla ya hali ya hatari kutangazwa, kwa hiyo hakukulia nyumbani kwao, alikulia katika kile kijiji ambamo watu walikusanywa wakazungushiwa handaki, na pande zote za handaki vichaka vilikatwa pakabaki peupe. Marehemu alikuwa akisema kwamba jambo la kwanza alilojifunza duniani, kabla ya kuhesabu na kabla ya kusali, ni kwamba mahali peupe ndipo salama na kichakani ndiko hofu inakokaa, na ukitaka kumwelewa mama huyu tangu mwanzo hadi mwisho, shika neno hilo.

Alianza masomo ya msingi mwaka wa 1960 hapa Giakanja, akafanya mtihani wa CPE mwaka wa 1966 na kufaulu vizuri sana, akajiunga na sekondari mjini Nyeri mwaka wa 1967 na kumaliza kidato cha nne mwaka wa 1970. Mwaka wa 1971 alipelekwa Embu kwa kozi ya miaka miwili, akafundishwa mambo ya lishe, usafi wa jikoni na utunzaji wa boma, na tarehe 3 Januari 1973 akaajiriwa kama afisa wa nyanjani wa mambo ya nyumbani, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minne katika Tetu hii hii, akipanda na kushuka hizi kona kwa miguu, na baadaye kwa pikipiki ambayo aliiendesha akiwa na sketi na kofia ya chuma, na wanaume waliokuwa wakimcheka barabarani walikoma kumcheka alipowapita kwenye matope.

Tarehe 7 Desemba 1974 alifunga ndoa takatifu na marehemu Gicheru Munene, karani wa kiwanda cha kahawa, mtu mpole, mpenda redio, na Mungu akawajalia watoto watatu, Munene aliyezaliwa mwaka wa 1976, Wachuka aliyezaliwa mwaka wa 1978 akapewa jina la nyanyake, na Wamae aliyezaliwa mwaka wa 1982, na kutoka kwa hao watatu marehemu amewaona wajukuu saba. Alipoolewa alimkuta mama mkwe, marehemu Wachuka mkubwa, aliyekuwa mjane, akiishi katika nyumba ya mbao iliyotazama mteremko wa mto, na kati ya nyumba na mto palikuwa na kichaka cha zamani, miti mirefu ya muiri yenye gome jeusi, mutamaiyu, yaani mzeituni wa porini, mukawa wa miiba wenye vile vitunda vyeusi tulivyokula sote tukienda shule mpaka midomo ikawa zambarau, na maigoya ya majani mapana laini pembeni, na katika ile miti kulikuwa na ndege.

Ndege huyo, jamani, Anita anaomba wale waliokulia mjini wamsikilize vizuri. Ni ndege mkubwa wa kijani ambaye Kiswahili cha vitabuni humwita shorobo, akiwa juu ya mti humwoni hata ukikodoa macho, lakini akiruka tu, mbawa zinafunguka nyekundu kabisa, nyekundu ya kukufanya useme Yesu wangu, na sauti yake si tamu, anakoroma kwa nguvu asubuhi kana kwamba anagombeza watoto waliochelewa shule. Wachuka mkubwa hakuwa na saa. Alikuwa na kigoda na huyo ndege, ndege akigomba yeye anaamka, anaketi mlangoni akitazama miti, anakunywa uji, halafu siku inaanza.

Sasa tuje kwenye kikombe. Katika kazi yake marehemu alikuwa mwamuzi wa mashindano ya boma safi, na wazee mliopo mnayakumbuka, alifika na daftari lake la gamba gumu, akatazama jikoni, choo, kichanja cha vyombo na shimo la taka, na kila kitu kilikuwa na alama zake. Lakini kulikuwa na alama kumi ambazo hakutumwa na mtu yeyote kuziweka, alizitunga mwenyewe kwa kichwa chake, nazo ni alama za uwazi wa boma, na alizieleza hivi kila alikokwenda: "Mtu akisimama kwa gate, aone mpaka choo." Boma lenye kichaka lilipata sifuri. Na kwa sababu watu wa Tetu hawapendi sifuri, mwaka uliofuata kichaka hakipo, pamepandwa nyasi na waridi na ua wa kukatwa kwa makasi, na mwenye boma anapata kumi, anapigiwa makofi.

Mwezi wa Agosti 1986 Wachuka mkubwa alikwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua, akakaa huko siku kumi, na katika siku hizo kumi mkaza mwana wake Murugi alileta wanaume watatu wenye mashoka na misumeno, wakafyeka ule mteremko mzima kutoka mlangoni hadi mtoni, kwa sababu mwaka huo waamuzi nao walikuwa wakiamuliwa, na afisa hawezi kufundisha watu uwazi huku kwake ni msitu. Mwezi wa Septemba boma hili likawa la kwanza, likapewa kikombe na wilbaro mpya ya kijani. Wachuka mkubwa alirudi akiwa na kikapu kichwani, akasimama pale kwenye kona ya nyumba, hakupiga kelele, hakulia, aliuliza swali moja tu: "Na yule ndege sasa atakaa wapi?"

Mama huyo aliishi miaka tisa baada ya hapo, akamlea Wamae, akapika pamoja na Murugi jikoni, wakaenda kanisani pamoja, na hawakuwahi kugombana hata siku moja, lakini wilbaro ile hakuigusa. Mbolea ya ng'ombe aliibeba kwa mgongo, akiwa na miaka sabini na kitu, akipita kando ya wilbaro iliyokaa tupu. Na kila asubuhi aliweka kigoda mlangoni, akakitazamisha mteremko wa nyasi, akanywa uji wake kimya. Alifariki mwaka wa 1995. Marehemu alituambia kwamba aliomba msamaha mbele ya jeneza, akaona amechelewa, na neno hilo lilimkaa kifuani kuliko ugonjwa wowote ambao madaktari walikuja kuupata humo baadaye.

Tarehe 31 Machi 2007 marehemu alistaafu kwa heshima, akapewa kuku na blanketi, na familia ikadhani sasa atapumzika. Kumbe!

Mwezi wa Aprili 2008 alikwenda mjini Nyeri kununua misumari ya kurekebisha banda la kuku, akaingia katika duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Ambalal, na akiwa hapo kwenye kaunta, misumari ikipimwa kwenye mizani, akasikia kutoka nyuma ya duka ile sauti, ile ile, ya kugombeza watoto. Mama wa miaka hamsini na sita, mstaafu, mshirika wa kanisa, aliruka ule ubao wa kaunta, akapita katikati ya mabati na ndoo za rangi akikimbia, Mzee Ambalal akapiga kelele za mwizi, vijana wa duka wakamfuata, akafungua mlango wa nyuma, na hapo uani akakuta mti mmoja wa muiri, mkubwa, mzee kuliko duka lenyewe, kwa maana babake Ambalal alipojenga alikataa kuukata, akapindisha ukuta, na hadi leo stoo ya duka lile imepinda kwa sababu yake. Ndege alikuwa juu. Aliruka, akaonyesha ule wekundu, akaenda zake. Murugi akaketi chini kwenye mchanga wa ujenzi akaanza kulia, na mke wa Ambalal, Bi Gomti, aliyekuwa akianika pilipili, akamtazama juu na chini akasema: "Wewe mama, lipa misumari kwanza, halafu lia." Ndiyo siku urafiki wao ulipoanza, na urafiki huo umedumu miaka kumi na saba, na Bi Gomti ameketi hapo mbele, mwenye shali nyeupe, mumwone.

Marehemu alirudi na mfuko wa mbegu za muiri, na hapo akafanya kosa ambalo sisi watu wa Tetu tungelifanya sote, maana aliziweka mbegu kama mtu anavyoweka maharagwe, akazianika juu ya gunia wiki tatu mpaka zikawa kavu kabisa, akazipaka majivu zisiliwe na wadudu, akazifungia kwenye debe, akangoja mvua ndefu ya 2009, akapanda mbegu mia mbili kwa mistari iliyonyooka, na hakuna hata moja iliyoota. Hata moja! Mzee wetu Gicheru alikuwa akitoka na redio yake kila asubuhi, anautazama ule udongo, anauliza kwa upole kama kuna habari.

Ni Bi Gomti aliyemwambia kwamba huko kwake zile zinazoanguka kwenye mfereji wa maji machafu huota zenyewe, mpaka inabidi azing'oe, na hapo marehemu akaelewa kwamba mbegu ya muiri haingoji, ikikauka imekufa, inataka kupandwa mbichi wiki hiyo hiyo. Mwaka wa 2010 alizibeba kutoka mjini zikiwa zimefungwa kwa leso yenye maji, akashuka Giakanja akikimbia kama mtu aliyebeba maziwa ya mtoto, akazipanda kabla hata ya kuvua koti, na baada ya wiki saba zikatoka. Alipiga simu Nairobi kumwambia Munene kwamba ziko arobaini na moja, Munene akadhani ni vifaranga, akampongeza.

Mwaka wa 2011 alipanda miti ishirini na mmoja kwenye ule mteremko, akaleta mukawa kutoka kingo za mto, akaleta muthakwa, ambao nyuki hupenda maua yake, akarudisha maigoya, akaacha nyasi zifanye zinavyotaka, na wilbaro ile ya kikombe, iliyokuwa na kutu sasa, ndiyo aliyoibebea miche. Watu walisema. Tetu ni watu wa kusema. Waliopita njiani waliuliza kama boma limeuzwa, wengine wakauliza kwa sauti ya huruma kama mama ana shida ya kichwa, na Munene, kwa mapenzi yote, alituma kijana wa kufyeka ikiwa zawadi ya sikukuu ya akina mama, na kijana huyo alikutana na marehemu getini, akanyweshwa chai na kurudishwa Nairobi na panga yake. Mzee Gicheru alisema tu kwamba tangu aoe hakuwahi kufikiri atapotea akienda chooni. Lakini alipofariki tarehe 2 Agosti 2016 alikuwa na kiti chake chini ya muiri wa tatu, na redio yake iliachwa imening'inia hapo.

Halafu kukawa na daftari. Marehemu alikuwa ametunza madaftari yake yote ya mashindano, akayasoma upya jioni moja na kalamu nyekundu, akapata boma sitini na tatu ambazo yeye mwenyewe alizipa sifuri kwa ajili ya kichaka na mwaka uliofuata akazipa kumi, na akaamua kwamba atarudi kwa kila boma, moja baada ya nyingine, aombe msamaha na kupanda mti pale pale palipokatwa. Familia ilimwambia aache, hakuna anayekumbuka. Alisema yeye anakumbuka.

Boma la kwanza, mwaka wa 2012, lilikuwa la Mama Nyawira wa Kiandu, kule juu kwenye ukingo, na Mama Nyawira alimwacha aseme maneno yake yote ya msamaha akiwa amesimama juani na mche mkononi, uliooteshwa kwenye pakiti tupu ya maziwa, kisha akamwambia, "Ulinipa sifuri, nikakata miti ya mama yangu nikilia, leo unaniletea mmoja kwa pakiti ya maziwa?" Marehemu akajibu kwamba ameleta sita, mingine iko kwa wilbaro, barabarani. Mama Nyawira alitazama wilbaro, akatazama ule mlima ambao mama huyu alikuwa ameisukuma, akaenda kutafuta jembe. Wengine walimkaribisha kwa ugali na mboga ya managu, wengine walimfungia mbwa baada ya kumwachilia kidogo. Mwaka wa 2017 alimfuata Wahome hadi Doldol, ambako alihamia kufanya biashara ya mbuzi, akambebea muiri mbili nzuri kutoka Giakanja, na wakiwa ndani wakinywa chai mbuzi wa Wahome walimaliza miche yote miwili na kikapu, na Wahome akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akampeleka nje akamwonyesha kwamba huko kwao kukavu muiri hauwezi kuishi hata mbuzi wangekuwa wamefungwa, kila mahali pana miti yake. Marehemu alirudi amefurahi kuliko siku alizofaulu, alimpigia Anita simu akiwa bado njiani, akarudia mara tatu, "Anita, nilikuwa nataka kufanya Doldol ikuwe Tetu! Tena! Mimi sisikii!" Akarudi Doldol mwezi uliofuata akiwa na mutamaiyu zilizooteshwa kwa mbegu za huko huko, na waya wa kuzizungushia.

Kufikia mwaka huu alikuwa amefika kwa boma arobaini na nane. Zimebaki kumi na tano.

Mwaka wa 2022 marehemu alianza kuishiwa pumzi akipanda mlima, akapimwa, ikaonekana moyo umechoka, akapewa dawa na kukatazwa kusukuma wilbaro, na mwisho wa mwaka jana zile muiri zake zilizaa kwa mara ya kwanza, vitunda vidogo vya rangi ya damu ya mzee, akawa anaketi mlangoni kwenye kigoda cha Wachuka mkubwa kila asubuhi akingoja. Hakusema anangoja nini. Sote tulijua, na tuliogopa kwa niaba yake, kwa sababu miti unaweza kupanda, lakini ndege hupandi, anakuja akipenda.

Jumamosi, tarehe 15 Februari 2025, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, akaja. Akakoroma juu ya muiri wa tatu, ule wa mzee Gicheru, akagomba kama mwenye shamba aliyerudi akakuta mambo hayako sawa, na mama yetu, ambaye daktari alimkataza kukimbia, alikimbia. Alizunguka nyumba, akagonga madirisha yote, akapiga simu kwa watu thelathini na mmoja kabla ya saa mbili, akimpigia hadi mchungaji, ambaye alidhani ni msiba akaanza kuomba. Bi Gomti aliletwa na mwanawe Nimesh akiwa bado na malapa ya ndani, wakasimama wale akina mama wawili wameshikana mikono chini ya mti wakitazama juu, ndege akafungua mbawa, na wakapiga kelele kama wasichana. Kisha marehemu akaenda akaketi kwenye kigoda, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na aliye jikoni, "Mama, ameamka."

Kutoka siku hiyo alikuwa mtu mwenye furaha kamili, na tunasema hivyo bila kuongeza chumvi.

Tarehe 20 Oktoba hali yake ilibadilika, akalazwa katika hospitali ya rufaa mjini Nyeri, na Jumatatu tarehe 3 Novemba, akiwa na nguvu kidogo, alimwita Anita karibu akamwambia maneno haya, ambayo Anita ameyaandika yalivyokuwa: "Nikienda, wataleta panga. Watu wa kamati ni watu wazuri, watataka kunisaidia, watasema boma iko na aibu. Usikubali. Mimi nilikubali mara moja." Anita akaahidi. Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa kumi jioni, mama yetu akalala, akiwa na umri wa miaka sabini na tatu.

Na sasa tumefika mahali ambapo Anita ataomba maji kidogo.

Jumatatu iliyopita, siku nne tu baada ya ahadi ile kubaki bila mwenyewe, kamati ya mazishi ilifika na panga na mashine ya kufyeka, wakauliza hema zitakaa wapi, na Anita alifikiria wageni wa Nairobi, akafikiria wakwe, akafikiria nyoka, akafikiria mtu akisema tulimwacha mama yetu akaishi porini, na akanyoosha kidole. Alisema: kutoka hapa mpaka pale. Hakuna aliyemlazimisha. Mashine ikawashwa, na kwa muda ambao chai huchukua kuchemka mukawa kumi na moja zilikuwa chini, maigoya yote ya upande ule yalikuwa chini, na muiri wa tatu, miaka kumi na minne, ulikuwa chini na vitunda vyake, na wanaume, kwa nia njema kabisa, walikuwa wakizoa matawi kwa wilbaro ya kijani.

Bi Gomti alikuja kutoa pole akiwa na chupa ya chai. Aliona. Aliomba kiti, wakadhani amechoka, wakampa cha plastiki, akakibeba mwenyewe, mama wa miaka sabini na tano, akakiweka mbele ya mashine inayonguruma, akaketi, akafunga shali, na kumwambia mwenye mashine, "Mimi nimekuja kuketi na dada yangu. Fyeka, pitia hapa." Mashine ikazimwa. Na hapo Anita akaona wilbaro, akaona kidole chake mwenyewe, na akajua yeye ni nani katika boma hili, kwamba ni mkaza mwana wa pili kufanya jambo lile lile mahali pale pale. Peterson, Mungu ambariki, ndiye aliyetutatulia, akasema yeye amevuna viazi wiki iliyopita, waende wakaweke hema kwake. Ndiyo sababu ya matope yenu.

Jumanne asubuhi ndege hakusikika. Anita aliketi kwenye kigoda tangu kukiwa na giza mpaka uji ukapoa. Jumatano pia kimya, na moyo ukamwambia kwamba imekwisha, kazi ya miaka kumi na saba ameimaliza kwa kidole kimoja. Saa moja kasoro simu ikalia, na alikuwa Mama Nyawira wa Kiandu, akipiga kelele mpaka simu ikawa inapasuka: "Anita! Ndege yenu iko huku! Iko kwa zile miti za Murugi, inatugombeza sisi wote!" Anita akacheka na kulia pamoja, akaita nyumba nzima, kwa sababu alielewa kitu ambacho marehemu hakukisema, kwamba mtu aliyepanda kwake tu angekuwa amepoteza ndege Jumatatu, lakini mama yetu alikuwa amemjengea ndege huyo nyumba arobaini na nane.

Leo hakuna mashada ya maua ya kununua. Kwenye ua, upande wa kushoto mkitoka, kuna miche ya boma kumi na tano zilizobaki, kila pakiti ina jina, na kuanzia Jumatatu Anita ataisukuma wilbaro ile ya kijani mwenyewe, boma kwa boma, na kuomba msamaha kwa niaba ya mama yake, akianza na walio hapa Giakanja. Jana, akifungua daftari kuandika mpango wa safari, alitazama orodha ya kalamu nyekundu, akachukua kalamu ile ile, na chini ya jina la kumi na tano kati ya yaliyobaki akaandika la kumi na sita. Boma la Gicheru Munene, muiri mmoja, mukawa kumi na moja, maigoya. Aliyekata: Anita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya rufaa waliomhudumia kwa subira, na ambao aliwasumbua kuhusu ile miti ya uani kwao, mchungaji na washirika, majirani wote na hasa Peterson kwa shamba lake, maafisa aliofanya nao kazi, Mama Nyawira kwa simu yake, jamii ya Mzee Ambalal, na Bi Gomti kwa kiti. Tunaishukuru pia kamati, mwenye mashine akiwemo, ambaye ndiye aliyechimba shimo la muiri mpya jana bila kuambiwa na mtu.

Mama, ulituomba jambo moja tukalikosea, na sasa tunaliahidi tena mbele ya watu. Lala kwa amani pamoja na Wachuka mkubwa. Hatufyeki.